Kumtambua mwenye mali katika sentensi ya Kiingereza

Hapa Bukavu, Kiingereza hufundishwa kwa kupitia Kifaransa. Sarufi yake hufafanuliwa kwa istilahi za Kifaransa, mifano hutafsiriwa kwa Kifaransa, na Kiswahili ambacho mwanafunzi amekizungumza tangu utotoni huachwa nje ya mlango wa darasa. Ninaamini kwamba utaratibu huo unatuchelewesha bila sababu, hasa katika mambo mawili yanayowasumbua vijana ninaowafundisha jioni: virai vihusishi na nomino zinazoonyesha umiliki. Haja ya kuyaelewa ni kubwa. Tangu nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mfanyabiashara wa Bukavu anakutana na Kiingereza katika hati nyingi zaidi, na ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, serikali iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa lugha hiyo.

Kihusishi ni neno kama "in", "on", "from", "with" au "of". Likifuatwa na nomino pamoja na maneno yanayoambatana na nomino hiyo, linaunda kirai kihusishi, na kirai hicho hufanya moja ya kazi mbili: kinaeleza nomino iliyotangulia au kinaeleza kitenzi. Ugumu wetu hauko kwenye maelezo hayo. Uko katika kwamba Kiswahili hakiipi kazi hii aina moja ya maneno. Mara nyingine tunatumia "kwa" au "katika", mara nyingine tunaongeza "-ni" mwishoni mwa nomino, na mara nyingi kitenzi chenyewe ndicho kinachobeba maana. Tunasema "ametoka sokoni" na "amekwenda sokoni". Neno "sokoni" halibadiliki, kwa sababu kitenzi kimekwisha kutuambia kama mtu anatoka au anakwenda. Kiingereza kinadai "from the market" kwa sentensi ya kwanza na "to the market" kwa ya pili. Vivyo hivyo, katika "nimemnunulia mama kitenge", wazo la kwamba ununuzi ulifanywa kwa ajili ya mama limo ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza kinaweza kulitoa nje na kulipa kirai chake: "I bought a kitenge for my mother." Mwanafunzi akishaona kwamba Kiingereza huweka peupe kile ambacho kitenzi chetu hukificha, anaacha kuvitafuta vihusishi kwa kubahatisha.

Sasa tuitazame sentensi hii: "The baskets of pineapples on the boat from Idjwi are heavy." Kati ya kiima na kitenzi kuna virai vitatu, na neno lililo karibu zaidi na kitenzi ni Idjwi, ambalo ni jina la kisiwa kimoja tu. Wengi huandika "is" kwa kuvutwa na jirani huyo. Lakini mwambie mwanafunzi huyohuyo aitamke kwa Kiswahili: "Vikapu vya mananasi vilivyo kwenye boti ya kutoka Idjwi ni vizito." Hakuna mzawa wa Bukavu anayefahamu Kiswahili sanifu atakayesema "ni kizito". Upatanisho wa ngeli unamrudisha kwenye "vikapu" hata kama njiani kuna mananasi, boti na kisiwa kizima. Huo ni ujuzi ambao Mwingereza hana budi kuujenga kwa njia nyingine, na sisi tunao tayari. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kupigia mstari kila kirai kihusishi kwa penseli, kukiweka kando, kisha kuuliza kitenzi kinapatana na nani. Kinachobaki ni "The baskets are heavy", na shaka yote imekwisha.

Kihusishi "with" kinastahili tahadhari ya pekee. Katika "The nurse examined the child with the thermometer", msomaji hawezi kujua kwa hakika kama muuguzi alitumia kipimajoto au kama mtoto ndiye aliyekuwa nacho mkononi, kwa kuwa kirai kinaweza kueleza kitenzi au nomino. Kiswahili hakina utata huo: "kwa kipimajoto" ni chombo cha kufanyia kazi, na "mtoto mwenye kipimajoto" ni sifa ya mtoto. Anayeandika Kiingereza hulazimika kuiondoa shaka kwa kukisogeza kirai au kwa kuibadili sentensi. "We met the director of the school in Goma" inaweza kumaanisha kwamba tulikutana Goma au kwamba shule iko Goma. "In Goma we met the director of the school" inamaliza ubishi.

Katika umiliki, Kifaransa na Kiswahili vinashikana mkono: vyote viwili hutaja kwanza kitu, kisha mwenyewe. "Kitabu cha kaka yangu" kinafuata mpangilio uleule wa "le livre de mon frère". Ndiyo maana barua zetu zimejaa "the book of my brother", ambayo inaeleweka lakini inasikika nzito, kwa sababu mtu anapokuwa ndiye mwenye mali Kiingereza hupendelea kumtanguliza: "my brother's book". Herufi hiyo "s" ni mabaki ya Kiingereza cha kale, ambacho kilikuwa na viambishi tamati vya kuonyesha uhusiano wa nomino, kimojawapo kikiwa "-es". Viambishi vingi vilipotea katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, matumizi ya "of" yakapanuka sana, lakini "s" ikasalia. Ritifaa, ile alama ndogo inayoitangulia, ilikuja baadaye sana, katika zama za wachapishaji wa vitabu.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba "s" hii haishiki nomino peke yake. Hushika mwisho wa kirai kizima. Kiingereza kinaruhusu "the woman from Kadutu's basket", na mwenye kikapu si Kadutu, ambao ni mtaa wa hapa Bukavu, ni mwanamke. Kirai kihusishi kimeingia kati ya mwenye mali na alama yake ya umiliki. Hapo mambo yetu mawili yanakutana, na mwanafunzi asiyeweza kutambua kirai kinapoanzia na kinapoishia atampa kikapu mtu asiye wake. Kiswahili kinasema "kikapu cha mwanamke wa Kadutu": "cha" inaelekea kwenye kikapu, "wa" inaelekea kwa mwanamke, na kila moja inajitangaza. Ni kweli kwamba msaada huo hupungua nomino zikiwa za ngeli moja, kama katika "mtoto wa mwanamke wa Kadutu", lakini mara nyingi unatosha. Katika maandishi rasmi ninashauri kwamba mwenye mali akifuatwa na kirai kirefu, turejee kwenye "of": "the basket of the woman from Kadutu". Huo ndio wakati ambapo mpangilio wetu ni bora hata kwa Kiingereza.

Tofauti ya "the teacher's books" na "the teachers' books" haisikiki masikioni. Ni ya macho tu. Ritifaa ikitangulia "s", mwalimu ni mmoja. Ikiifuata, walimu ni wengi. Nomino ambazo wingi wake hauishii kwa "s" hubaki na utaratibu wa kwanza, kama "children's". Pia "a picture of my father" ni picha inayomwonyesha baba, na "a picture of my father's" ni mojawapo ya picha anazomiliki. "Picha ya baba" inabeba maana zote mbili, kwa hiyo hapa Kiswahili hakitusaidii, na ni lazima kukariri.

Wanaotafuta kazi wazingatie pia kwamba muda nao hupewa umiliki. Mkataba unaosema "one month's notice" unamtaka mfanyakazi au mwajiri atoe taarifa mwezi mmoja kabla ya kuachana. Ukisema "two months' notice", ritifaa imehamia nyuma ya "s" kwa sababu miezi ni miwili.