Falafeli kwa ufuta wetu wa Lindi

Jamani, jana nimepika falafeli, vile vidonge vya Kiarabu vya dengu vinavyokaangwa kwenye mafuta, hapa nyumbani Lindi, na ladha bado iko mdomoni!

Mara ya kwanza nilichemsha dengu, zikasambaratika zote kwenye mafuta. Kumbe hazichemshwi. Unaziloweka usiku kucha, unachuja, unazisaga mbichi ziwe chengachenga pamoja na kitunguu, saumu, bizari nyembamba na majani ya giligilani, mengi tu. Safari hii nikivunja moja, nje imekauka kau, ndani kijani kibichi na mvuke unatoka. Ni ndugu kabisa wa bagia zetu.

Utamu wenyewe uko kwenye mchuzi wa kuchovea, wa tahini. Tahini ni ufuta uliosagwa, na ufuta ndio zao letu huku Kusini! Nimekaanga kikombe kimoja kwa moto mdogo, nikatwanga kwenye kinu mpaka ukaanza kutoa mafuta, nikakoroga na ndimu, saumu, chumvi na maji kidogo kidogo hadi ukawa mzito, mweupe.

Tumekula na chapati na kachumbari ya matango. Wifi yangu amenifutia bakuli kwa kidole, na leo asubuhi ameshaloweka dengu zake.