Varisi za mama, na namna tulivyokifunga kidonda cha mguu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mama mwenye mishipa iliyotokeza miguuni haambiwi kwamba anaumwa. Anaambiwa amezaa sana, amebeba mizigo sana, ndiyo maisha. Mama yangu ameuza unga na maharagwe katika soko la Kadutu tangu sisi tukiwa wadogo, amesimama kutwa nzima, na varisi zake, yaani hiyo mishipa iliyotokeza, tulizizoea kama tulivyoizoea sura yake.

Mguu wa kushoto ulianza kuvimba kila jioni. Usiku ulimwasha, akajikuna hadi usingizi ukakata. Kisha ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, ikageuka kahawia, ikakauka, ikawa ngumu. Siku moja akajigonga kwenye ukingo wa beseni. Mchubuko ule mdogo ukawa kidonda, kidonda kikapanuka, kikawa kinatoa maji hadi kitenge kinalowa.

Kiliwekewa kila kitu: unga wa kapsuli, majani ya kusaga, spiriti. Tulichoma sindano za antibiotiki, kikakauka kidogo, kikafunguka tena. Ndipo jirani mmoja akanivuta pembeni: "Mama Furaha, kidonda haiwezi kaa hivi bure. Mama yako walimutegea dawa, akakanyaga." Na jina likaanza kutajwa, la mwanamke anayeuza naye meza moja. Hilo liliniuma kuliko kidonda chenyewe. Mama mzima anazuliwa uchawi kwa sababu ya mshipa wa mguu!

Daktari tuliyempata baadaye hakumlaza mama kwanza. Alimsimamisha, akaitazama miguu yote miwili toka kinena hadi vidole, akapitisha mashine ya ekografi, inayoonyesha mishipa ya ndani. "Hii muguu haina sumu," akasema. "Ni damu njo inashindwa kupanda."

Alitueleza taratibu. Damu ya miguuni hupandishwa na misuli ya shavu la mguu mtu anapotembea, na ndani ya mishipa kuna vali zinazoizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hurudi na kujaa kifundoni. Maji na chembe za damu hupenya kwenye ngozi, na chuma kilichomo katika damu ndicho huacha ile rangi ya kahawia. Ngozi ya namna hiyo ikichubuka kidogo tu, haina nguvu ya kujifunga. Ndiyo maana dawa zote za kupaka juu zilishindwa: tulikuwa tunatibu ngozi, na ugonjwa uko kwenye mshipa.

Alitutajia na hatari nyingine. Damu inaweza kuganda ndani ya varisi, mshipa ukawa mwekundu, mgumu, wenye maumivu. Ikiganda kwenye mishipa ya ndani, mguu mmoja huvimba ghafla, na bonge likikatika linakwenda kwenye mapafu. Hapo mtu hukosa pumzi, kifua kinamuuma, na hospitali ni saa ileile. Tena varisi iliyo chini ya ngozi nyembamba inaweza kupasuka bila hata maumivu. Hilo tulishaliona: mama alikuwa anaoga, maji yakawa mekundu. Kinachotakiwa ni kulala chini, kuinua mguu juu kupita kifua, na kubonyeza palepale kwa kitambaa safi. Kufunga kamba juu ya goti, kama wengi wanavyokimbilia, kunazidisha kutoka kwa damu.

Kilichokifunga kidonda ni bandeji ya kubana. Lakini kabla ya kuifunga, daktari aligusa mapigo ya damu kwenye mguu, akapima presha ya kifundo na kuilinganisha na ya mkono. Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoka chini ya 0.8, maana yake damu yenyewe haishuki vizuri, na kubana kwa nguvu kunaweza kuuharibu mguu. Kwa hiyo asije mtu akasoma hapa akakimbilia kununua bandeji tu.

Muuguzi alinifundisha kwa mikono yangu mwenyewe. Kidonda nakiosha kwa maji yaliyochemka yakapoa, nafunika kwa kitambaa cha gozi kisichonata, bila unga wowote. Juu yake pamba laini, hasa kwenye mifupa ya kifundo. Mguu unakunjwa kwenye kifundo, wayo ukae kama wa mtu aliyesimama, kisha naanzia kwenye shina la vidole, nazungusha, nafunika kisigino chote, napanda hadi chini kidogo ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Kifundoni inabana zaidi, juu inalegea. Ukigeuza hivyo, ukabana juu na kulegeza chini, unaifungia damu mguuni. Nikimaliza natazama vidole: vikiwa baridi, vya buluu au vimekufa ganzi, nafungua mara moja.

Mama alilalamika. "Unanikaza sana, mama, nitashindwa kutembea." Lakini kutembea ndiko kulikotakiwa, na vilima vya Kadutu havikosi kazi ya kumpa mtu. Kinachodhuru ni kusimama mahali pamoja. Mezani tuliweka kigoda na sanduku la kuegemeza mguu, na akisimama anapandisha na kushusha visigino. Nyumbani analala miguu ikiwa juu ya mito.

Kila nikibadilisha bandeji nilichora ukingo wa kidonda kwa kalamu juu ya mfuko safi wa plastiki unaoonyesha. Maji yalipungua kwanza, harufu ikafuata, halafu mistari yangu ikaanza kusogea ndani. Ilichukua miezi. Ile michoro ndiyo iliyomtuliza mama siku alizotaka kurudia majani.

Suala la operesheni ya mshipa lilitugawa nyumbani. Kaka zangu walitaka tungoje kidonda kifungike. Daktari akatuambia utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450: waliotibiwa mshipa mapema, pamoja na bandeji, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 56, na kwa waliongoja nusu walifikia hapo siku ya 82. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ikaenda huko. Walimtoa mshipa mkubwa wa chini ya ngozi, ule unaopanda hadi kinena.

Sasa anavaa soksi maalumu za kubana, kwani kidonda cha namna hii hupenda kurudi. Anazivaa asubuhi kabla hajashuka kitandani, anavua usiku. Soksi ndefu za mitumba hazifanyi kazi hiyo. Hata zile maalumu huisha nguvu baada ya miezi kama sita. Zikianza kuingia mguuni kirahisi bila kuhangaika, tunanunua nyingine.