Sindano 65 au Upasuaji Mmoja

Nilipoambiwa kwamba uvimbe uliotolewa kwenye titi langu la kushoto ulikuwa na vipokezi vya homoni, nilikuwa na umri wa miaka 43, na hedhi ilikuwa imenirudia miezi michache baada ya kumaliza tibakemikali. Daktari aliyenihudumia Mombasa alinieleza kwamba saratani ya aina hii hulishwa na estrojeni, homoni ya kike, na kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi estrojeni nyingi hutoka kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Alitaka ovari zangu zinyamazishwe, kisha ninywe letrozoli kila siku ili kuzuia ile estrojeni kidogo inayotengenezwa kwingineko mwilini. Njia zilikuwa mbili: kudungwa goserelini kila baada ya siku 28 kwa miaka mitano, au kuondolewa ovari zenyewe.

Nilichagua sindano bila kusita, kwa kuwa sindano mtu huweza kuiacha. Nikawa nachomwa chini ya kitovu kwa sindano nene iliyobeba kijidawa mfano wa punje ya mchele, kinachobaki chini ya ngozi na kuyeyuka polepole. Maumivu yake yalikuwa ya dakika moja tu, lakini safari yake ilikuwa ya siku tatu: boti ya alfajiri kutoka Lamu hadi Mokowe upande wa bara, basi la kupitia Witu, Garsen na Malindi, kulala kwa binamu yangu Mombasa, kuchomwa, na kurudi.

Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yaliikata barabara ya Lamu na Garsen. Nilichelewa siku 16. Nilipofika, damu ya hedhi ilikuwa imeshanitoka, na kipimo kikaonyesha kwamba estrojeni imepanda. Nilidhani nimekosa kinga ya wiki mbili tu, lakini daktari alinifahamisha jambo zito zaidi: letrozoli ikinywewa na mwanamke ambaye ovari zake zimeamka, yaweza kuzichochea zifanye kazi kwa bidii zaidi. Kwa maneno mengine, dawa yangu ilihitaji ovari zilale kabisa, nami sikuwa na uwezo wa kuidhamini barabara.

Usiku niliporudi tulikaa na mume wangu tukapiga hesabu nyuma ya bahasha ya picha za eksirei. Sindano 13 kwa mwaka, mara miaka mitano, ni 65. Aliitazama ile namba, akasema, "Mama Fatma, hata bahari ikituridhia, mvua haitaturidhia mara zote hizo."

Mavyaa wangu ndiye aliyepinga upasuaji. "Mwanangu, utatolewa kizazi?" Nilimfafanulia kwamba kizazi kinabaki mahali pake, kinachotolewa ni ovari pamoja na mirija yake. Hakuridhika siku hiyo, wala sikumlaumu, maana hofu yake ilikuwa ndiyo yangu: upasuaji hauna kurudi nyuma. Kama ningekuwa na miaka 30 na bado nataka mtoto, nadhani ningeendelea na sindano hata kwa kuhamia Mombasa. Lakini nilikuwa na watoto wanne, na daktari alikuwa ameniambia kwamba mwishoni mwa miaka mitano, nikiwa karibu na 50, huenda ovari zisiamke tena kwa vyovyote.

Lililonipa ujasiri ni ile miezi ya sindano yenyewe. Fukuto la ghafla, ukavu, viungo kukakamaa asubuhi na usingizi wa kukatika nilikuwa nimeshavionja vyote, kwa hivyo nilijua ninachokiingia. Mwanamke anayepelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji hapati nafasi hiyo, na kwa maoni yangu ni heri aanze na sindano chache akiweza.

Kabla ya kulazwa nilipimwa uzito wa mifupa, kwa sababu kukosa estrojeni huidhoofisha, nikaandikiwa kalsiamu na vitamini D. Upasuaji ulifanywa kwa matundu madogo matatu tumboni, nikiwa nimelazwa kwa nusukaputi, na keshoye nikaruhusiwa. Nilikaa kwa binamu siku kumi kabla ya kulivumilia basi.

Sasa naenda Mombasa kila miezi sita kwa uchunguzi. Fukuto halijaniacha, likinishika usiku napanda juu ya nyumba, chini ya makuti, nikakaa upepo wa bahari unikaushe jasho.