Niliuza Gitaa Nikanunua Mwangwi

Yule dada hakubishania bei, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaliweka gitaa langu mapajani, akapiga kodi moja tu ya E, noti kadhaa kwa pamoja, na kuiacha ilie mpaka ikafa yenyewe.

"Kaka, lina sauti tamu hili. Una hakika unaliuza?"

Nikasema nina hakika. Pesa zile zilikwisha kuwa za mtu mwingine hata kabla hazijanifikia: mwenye mashine ya lupu iliyokwisha kutumika, aliyeniambia atanishikia mpaka saa kumi na moja jioni, baada ya hapo kuna mwingine anaitaka.

"Unahamia kinanda?"

"Hapana, nanunua mashine ya kurudia sauti."

"Sauti ya nini?"

"Ya gitaa," nikajibu, na masikio yangu yakasikia jibu wakati mmoja na yake.

Alicheka kwa adabu, akafunga zipu ya mfuko, akaondoka nalo. Mtu kauza ng'ombe ili anunue kibuyu cha maziwa.

Nisijitetee sana, lakini ujinga ule niliufikiria kwa miezi. Anayepiga lupu jukwaani hurekodi kipande kifupi papo hapo, kikajirudia, akatandika kingine juu yake, na kingine, mpaka mtu mmoja akasikika kama watu sita. Nilikuwa nimejisomea historia nzima kwa nia moja tu, kuhalalisha bei. Nilijua kwamba mwaka 1973 wanamuziki wa Uingereza Robert Fripp, mpiga gitaa, na Brian Eno walitoa albamu waliyoifanya kwa mashine mbili za utepe za Revox: ya kwanza inarekodi, utepe unavuka hadi ya pili inayousoma, na sauti inarudishwa kule ya kwanza. Mashine mbili nzito, kwa mwangwi mmoja! Nilijua pia kwamba JamMan, mashine ya lupu ya kampuni ya Lexicon, ilipotoka mwaka 1994, ilibeba sekunde 8 tu za sauti, na ukiiongezea kumbukumbu ikafika sekunde 32. Kila nilipokata tamaa kwa bei ya ile niliyoitaka, nilijipigia hesabu ya sekunde. Yenyewe ilibeba dakika nzima! Fripp angefanya nini na dakika nzima? Ukitaka kununua kitu usichokimudu, historia ni wakili mzuri.

Rafiki yangu mmoja mpiga besi aliniambia niache upuuzi, nitumie kompyuta. Programu ya lupu iitwayo SooperLooper ni ya bure, akasema, na alisema kweli. Niliijaribu. Kompyuta yangu ilikuwa mzee wa watu; ili isikoroge sauti ilibidi niipe bafa, yaani akiba ya sauti inayokusanywa kabla ya kushughulikiwa, ya sampuli 1,024 (vipande vidogo mno vya sauti), ambayo kwa sampuli 44,100 kila sekunde ni milisekunde 23, na hapo ni kuingia tu, bado kutoka. Unapiga uzi sasa, unausikia baadaye kidogo. Ni kama kuongea na mtu anayerudia maneno yako akiwa chumba cha pili. Nikashusha hadi 128, chini ya milisekunde 3, ikaanza kupasuka kama mafuta ya moto. Kwa hiyo programu ya bure ilitaka kompyuta mpya, kadi ya sauti ya maana, na pedali za MIDI, za kuiamuru kompyuta kwa mguu, kwa sababu huwezi kupiga gitaa na kubonyeza kibodi kwa mikono hiyo hiyo. Nikajumlisha. Bure ilikuwa ghali kuliko mashine.

Basi saa kumi na nusu nilikuwa mlangoni kwa muuzaji. Kilikuwa kisanduku cha chuma, kipana na bapa, cha kufungwa kwenye fremu, chenye vitufe mbele na taa nyekundu. Aliniwashia, taa zikakimbia, moyo wangu nao. Nilipokuwa nimeshahesabu pesa na yeye ameshazihesabu tena, nikauliza pedali zake ziko wapi.

"Zile zinauzwa peke yake," akasema. "Mimi nilishaziuza."

Kwa bei gani, sikumuuliza. Nilikuja kujua baadaye kwamba ubao ule wa pedali, vitufe saba na waya mmoja, uligharimu karibu theluthi ya mashine yenyewe. Hata leo sijaelewa. Au naelewa: vifaa hivi wanavinunua watu wachache mno, na gharama ya kuvibuni inagawanywa kwa hao hao wachache. Gitaa la kujifunzia linauzwa kwa kila kijana mwenye ndoto. Ubao wa pedali za mashine ya lupu unauzwa kwa mtu aliyekwisha kupotea njia, na anayeuza anajua hana pengine pa kwenda.

Nilifika nyumbani magharibi. Gitaa la kuazima nililokuwa nimelitegemea lilikuwa safarini pamoja na mwenyewe. Nilikuwa na mashine, spika moja ndogo, na maikrofoni ya kawaida ya kuimbia niliyoachiwa na bendi iliyovunjika. Nikasema haidhuru, nitaimba.

Maikrofoni ina plagi ya XLR yenye pini tatu. Mashine ina tundu la jeki la gitaa. Nikatafuta kiunganishi, nikakipata chini ya kabati, nikachomeka, nikaimba "aaa". Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliye kisimani. Maikrofoni haitoi umeme wa kutosha kuendesha tundu lile. Lazima pawe na priampu, kifaa cha kukuza sauti kwanza, katikati. Sikuwa nayo. Nikapandisha sauti ya kuingilia hadi mwisho, nikaimba tena, na safari hii nikajisikia vizuri, mimi pamoja na mvumo: shhhh.

Usiku ule ndipo nilipofunzwa kitu ambacho hakuna tangazo linalokisema. Kwenye bendi mvumo kidogo haumsumbui mtu, ngoma zinaufunika. Kwenye lupu kila tabaka unalotandika linakuja na mvumo wake. Tabaka mbili, mvumo unapanda desibeli 3. Nne, desibeli 6. Nilipofika tabaka la nane nilikuwa sina wimbo tena, nilikuwa na mvua ya masika inayoimbiwa na mtu wa mbali. Mpiga gitaa wa bendi akikosea noti moja, imepita, imekwenda. Mimi nilikohoa kidogo katika tabaka la pili, na kikohozi kile kikanirudia kila baada ya sekunde 8, kwa mdundo, mpaka nikaanza kukiona kama sehemu ya ngoma. Na spika, niliyoiweka mbele yangu nijisikie, ilikuwa inaingia tena kwenye maikrofoni, kwa hiyo kila tabaka jipya lilibeba yote ya zamani mgongoni, yakiwa yamechakaa zaidi. Ilihitajika priampu safi. Ilihitajika vipokea sauti vya masikioni. Nilikuwa nimenunua kitu kimoja, nacho kikaniletea orodha.

Lakini sikulala. Kilikuwepo kitufe cha kufuta tabaka la mwisho tu bila kugusa ya chini yake, nacho ndicho kilichoniweka macho hadi alfajiri. Unaimba, hukupenda, unabonyeza, limeondoka, na yaliyobaki yanaendelea kuzunguka kama hayakuona kitu. Na kwa kuwa sikuwa na gitaa, mikono yote miwili ilikuwa huru kubonyeza. Niliona nimewashinda waliotengeneza: ubao wa pedali wa nini?

Jibu nililipata kwenye onyesho langu la kwanza. Kisanduku nilikiweka juu ya stuli, kikawa chini mno. Dakika ishirini nzima niliimba nimeinama, napapasa vitufe gizani. Waliokuja kunipongeza walikuwa waungwana. Mmoja tu ndiye aliyesema, "Sauti nzuri, ila tumekuona kisogo."

Ilinichukua miezi mitano kununua ule ubao. Nikauweka sakafuni, nikasimama wima mbele ya watu kwa mara ya kwanza, nikarekodi kwa mguu, nikatandika kwa mguu, nikafuta kwa mguu. Kila kitu kilikwenda sawasawa, isipokuwa sikujua niifanyie nini mikono. Ilining'inia tu pembeni, haina kazi, ikitafuta gitaa. Kwenye wimbo wa pili nikaitia mifukoni.