Kemikali moja, athari mbili: seli za kuzuia katika gamba la ubongo

Kila ninaposoma kwamba dopamini ni kemikali ya furaha na serotonini ni kemikali ya utulivu, huona kwamba sehemu yenye kuvutia zaidi ya habari imeachwa nje. Kemikali hizi hazibebi ujumbe wa aina moja kwa kila seli zinayoifikia. Athari yake huamuliwa na kipokezi, yaani protini inayoishika kemikali hiyo, kilichopo kwenye seli inayopokea, na kwangu mimi hakuna panapodhihirisha jambo hilo vizuri kuliko seli za kuzuia, yaani zinazotuliza seli nyingine, zilizomo katika gamba la ubongo, tabaka lake la nje.

Seli hizo ni chache: kwa panya ni takriban asilimia 10 hadi 20 ya nyuroni (seli za neva) za gamba, na zilizobaki ni za kusisimua, hasa seli za piramidi. Silaha yake ni GABA, kemikali ambayo Eugene Roberts aliitambua katika ubongo mwaka 1950. Hata hivyo, si vyema kuzihesabu kama kundi moja, kwani hutofautishwa kwa molekuli zilizomo ndani yake, kama parvalbumini na somatostatini. Seli zenye parvalbumini hushika mwili wa seli ya piramidi na maeneo ya jirani, karibu kabisa na mahali ambapo msukumo wa umeme huanzia, ilhali zenye somatostatini hushika matawi ya mbali, ambako taarifa kutoka sehemu nyingine za ubongo huingilia. Kundi la tatu, lenye peptidi iitwayo VIP, huelekeza nguvu zake nyingi kwa seli za somatostatini zenyewe, na mzuiaji anapozuiwa, seli ya piramidi hupata nafasi ya kusikiliza zaidi.

Sasa tuchukue asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe katika ubongo, ambayo hufika kwenye gamba hasa kutoka kwenye seli zilizo katika sehemu ya chini ya ubongo wa mbele. Mwaka 1998, watafiti Xiang, Huguenard na Prince walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwenye vipande vya gamba la kuona la panya. Katika tabaka la tano, seli za kuzuia zinazopiga misukumo kwa kasi kubwa, ambazo kwa kawaida ndizo zenye parvalbumini, zilitulizwa na asetilikolini kupitia vipokezi vya muskarini, lakini jirani zake wa aina nyingine waliamshwa na kemikali hiyo hiyo kupitia vipokezi vya nikotini. Ninayapenda sana matokeo haya, kwa sababu yanaonyesha kwamba asetilikolini haikuongeza wala kupunguza uzuiaji kwa ujumla, bali iliuhamisha, na kwa kuuhamisha ikabadilisha njia ambazo taarifa zinaweza kupitia.

Tofauti ya vipokezi hivyo ni ya kimaumbile kabisa. Kipokezi cha nikotini chenyewe ni mlango: asetilikolini inapokishika, hufunguka, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu huingia, na seli husisimka ndani ya milisekunde chache. Kipokezi cha muskarini hakina mlango. Hufanya kazi kupitia protini nyingine ndani ya seli, kwa hiyo athari yake huchelewa na hudumu zaidi.

Katika mnyama aliye macho mambo huwa magumu zaidi. Panya anapoanza kukimbia, seli za VIP katika gamba lake la kuona huamka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asetilikolini huchangia jambo hilo kupitia vipokezi vya nikotini. Ingetarajiwa basi kwamba seli za somatostatini zinyamaze kila mara, lakini tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba panya anapokimbia huku akitazama picha, nyingi kati ya seli hizo huongeza kasi ya kupiga misukumo. Mchoro wa jinsi seli zilivyounganishwa peke yake hautoshi. Hali ya mnyama na kile anachokiona navyo vina usemi.

Serotonini nayo ina vipokezi vya familia saba, na ni familia moja tu, ya 5-HT3 (5-HT ni jina jingine la serotonini), ambayo ni mlango wa ioni. Katika gamba, kipokezi hicho hupatikana kwenye seli za VIP na baadhi ya jamaa zake, wala si kwenye zile za parvalbumini au somatostatini.

Kwa sababu hiyo naziangalia kwa uangalifu dawa zinazogusa kemikali hizi. Skopolamini, kwa mfano, huziba vipokezi vya muskarini kwenye seli za kuzuia na za kusisimua kwa pamoja, bila kuchagua, na mtu aliyeipata huvurugika kumbukumbu. Kuipeleka dawa kwa aina moja tu ya seli, na kuziacha jirani zake zikiendelea na kazi, ni hatua ambayo vidonge vya kawaida havijaweza kuifikia.