Siku moja maishani mwangu: taa 20 na uwanja wa murram

Saa kumi na moja alfajiri. Hapa Eldoret kuko juu, kama mita 2,100 hivi, na baridi ya saa hii vidole vinakataa kukunja. Tuko wanne, sote mwaka wa nne uhandisi, tunapakia kwa gari, Probox, vipande 20 vya bomba la PVC, kila kimoja kina taa ya LED, betri na redio ndogo ndani.

Saa kumi na mbili tuko uwanjani. Tepu chini, nguzo moja kila mita 20 mpaka mita 400 ziishe. Mnakumbuka Joshua Cheptegei wa Uganda akivunja rekodi ya mita 10,000 pale Valencia 2020, 26:11.00, na zile taa zikimulika ukingoni kumwonyesha kasi ya rekodi? Hizo ndizo zilitupea wazo, lakini mfumo ule ni wa mashindano makubwa na sisi tunataka kitu cha uwanja wa vumbi, kwa sababu dada tunayefanya naye kazi anakimbia peke yake, kikundi cha wanaume kina kasi ingine na ana mtoto mdogo nyumbani, kwa hivyo hana mtu wa kumwekea kasi.

Saa moja. Leo ni mita 400 mara kumi, kila moja sekunde 72. Hesabu ni rahisi, taa inaruka nguzo moja kila sekunde 3.6. Anaanza nayo sawa, kufika kona ya pili ameshaipita, anamaliza anahema akasema, "Hiyo taa inalala."

Kocha akatuonyesha saa yake. Dada 71.9, taa 73.2. Mwenzetu akasema pengine ni kidole cha kocha kilichelewa kubonyeza saa, kocha hakubishana, akasema tu, "Rudieni, vijana wangu." Tukarudia, 73.2 tena. Sasa kidole hakiwezi kukosea sawasawa mara mbili, hapo nikajua shida ni yetu.

Tukakaa kwa nyasi na laptop, karibu saa nzima. Programu ilikuwa inangoja sekunde 3.6, halafu inatuma signal, halafu inaanza kungoja upya. Ile kutuma peke yake ilikuwa inakula milisekunde 60. Zidisha kwa nguzo 20 unapata sekunde 1.2, ile ile ya kocha! Kwa mbio ya raundi 25 hiyo ni nusu dakika, unaweza kumharibia mtu msimu mzima. Tukabadilisha, kila nguzo ikahesabiwa kutoka mwanzo wa mbio, sio kutoka nguzo iliyopita. Tukajaribu, kocha akasoma 72.0, akatikisa kichwa polepole kukubali. Nilifurahi kuliko siku nilipopata matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Saa tatu jua likapanda na taa zikapotea kabisa, huoni kama imewaka ama imezima. Dada akamaliza raundi zilizobaki kwa saa ya kocha, akaenda kumchukua mtoto.

Mchana ni darasa tu.

Saa kumi jioni niko kwa fundi wa jua kali, tunakata debe za mafuta tunakunja vikofia 20 vya kukinga taa na jua, ndani tunapaka rangi nyeusi. Fundi ndiye aliuliza mkimbiaji anaangalia kutoka wapi, juu ama pembeni, swali ambalo hakuna kati yetu alikuwa amefikiria. Basi nikasimama hatua kumi mbele, yeye akainamisha kofia kidogo kidogo mpaka nikaona taa vizuri na jua likiwa nyuma yangu, akaweka alama na msumari, zote 20 zikakunjwa hivyo.

Saa mbili usiku meseji ya kocha ikaingia: "Kesho saa kumi na mbili. Anataka 70." Nimebadilisha 3.6 ikawa 3.5, betri ziko kwa chaji, na mimi naenda kulala.