Chaneli ya mama imetolewa

Saa moja jioni ikifika, mama yangu hataki mtu amsemeshe. Anasogeza kiti karibu na TV yetu ya chogo, anakaza leso, anasikiliza Nipashe, taarifa ya habari ya Kiswahili ya Citizen ya Kenya, mpaka mwisho. Kiingereza hajui. Kiswahili alikipata kambini Jinja, baba alipokuwa jeshini, na tangu tuhamie huku Arua, Uganda, habari za mbali anazielewa vizuri kwa lugha hiyo. Sasa ni wiki ya tano anakaa pale anatazama mieleka.

Sisi tuko kwenye kebo ya mtaa. Kijana mmoja ameweka madishi juu ya bati la chumba chake, na kutoka pale waya mweusi unapita juu ya miembe mpaka nyumbani kwetu. Nilijiunga kwa sababu ya hesabu. Tangu analojia ianze kuzimwa nchini mwaka 2015, TV ya chogo haishiki kitu bila king'amuzi, lakini waya wake unauchomeka nyuma tu, picha inatoka. Nilianza na shilingi 10,000 kwa mwezi, ikawa 15,000, na tangu Januari ni 20,000. Mimi nauza vitenge sokoni. Kuna siku sipati hiyo 20,000.

Bei ningeivumilia kama picha ingekuwa picha. Mvua ikinyesha ni chenga tupu. Mwezi wa tatu nilimwita, akapanda ngazi, nami nikasimama chini nikitazama anachofanya. Kile kigawanyio kilichofungwa ukutani kilikuwa kimeliwa na kutu, na kiungo cha waya kimezungushiwa kaveera, mfuko wa plastiki. Alipokivua, shaba ya ndani ilikuwa ya kijani. Akakata kipande, akavisha kichwa kipya, na papo hapo mama akaita kutoka ndani, "Imerudi, imerudi!" Kazi ya dakika kumi, akanidai 5,000. Waya ni wake, ukutani kauweka yeye, na mwezi nilikuwa nimeshaulipia. Nililipa kwa sababu mama alikuwa anasubiri, lakini roho iliniuma, na bado inaniuma.

Akanieleza pia kwamba kila anapogawa waya mara mbili, kila upande unabaki na nusu ya nguvu, na baada yangu kuna nyumba tisa. Basi aongeze mashine za kukuza mawimbi kabla ya kuongeza wateja! Na aziweke mapema, maana mawimbi yakishachafuka njiani, mashine inakuza na uchafu pia.

Hii habari ya chaneli ilianza na mpira. Agosti 2025, CHAN, mashindano ya mpira ya mataifa ya Afrika, ilipochezwa uwanja wa Namboole, vijana walitaka mechi. Kila chaneli anayoirusha inahitaji king'amuzi chake na kifaa chake cha kuirusha kule chumbani, kwa hiyo ili kuingiza moja lazima atoe nyingine. Akatoa ile ya mama. Tulikubali, mashindano yalikuwa yetu, na usiku ule Cranes, timu yetu ya taifa, walipotoka 3-3 na Afrika Kusini wakaingia robo fainali, mama mwenyewe alipiga vigelegele. Mashindano yakaisha, chaneli ikarudi. Safari hii imetolewa kwa ajili ya mieleka, na hakuna aliyetuuliza.

Jana alikuja na daftari lake kukusanya. Nikamwambia, "Kaka, hii hapa 10,000. Nyingine utaipata siku mama atakapoona taarifa yake."

"Dada, wateja wengi wanataka mieleka."

"Na mama yangu si mteja?"

Akanyamaza. Mama akamwita, akampa kiti na chai, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, kule Kongo vita imefika wapi?" Tuna ndugu Ariwara, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, ndiyo maana anauliza kila siku. Kijana alisema hajui. Akanywa chai yake, akaandika kwenye daftari "bado 10,000", akasema Jumamosi atajaribu kurudisha chaneli kwa kifaa kingine alichonacho nyumbani.